Mita Inapokataa Tarakimu: Mazungumzo kwa Watumiaji wa Umeme wa Malipo ya Kabla



Mtu akilipa fedha zake, akapokea ujumbe wa kuthibitisha malipo, kisha asikipate alichokilipia, ana haki ya kuuliza. Jambo hilo liliwafika baadhi ya watumiaji wa umeme katika mwaka 2024, wakati mita zao zilipotakiwa kufanyiwa maboresho. Fedha zilikatwa, tarakimu zikaja, zikabonyezwa moja baada ya moja mbele ya mita, na mita ikazikataa. Wapo waliodhani kwamba mita imeharibika, wapo waliodhani wameibiwa, na wapo walionunua tena kwa mara ya pili na ya tatu, kila mara wakikataliwa vile vile. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza kilichokuwa kikitokea ndani ya mita, na namna ya kutambua mahali ambapo maboresho yalikwama.

Mfano utakaotumika ni wa Ipole, wilayani Sikonge, katika Mkoa wa Tabora. Wazee wa visiwani wanaijua Tabora kwa khabari za misafara. Waliovuka kutoka Unguja hadi Bagamoyo walitembea kwa miezi ndipo wakafika Unyanyembe. Burton na Speke, walioingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wametoka pwani mwezi wa Juni. Ipole iko kusini ya hapo. Barabara itokayo Tabora kupitia Sikonge ikifika Ipole hugawanyika: mkono mmoja huelekea Rungwa na Mbeya, na mwengine huelekea Koga, Inyonga na Mpanda. Ni nchi ya miombo, ya tumbaku na ya asali. Umeme nao umeifuata njia hiyo ya kusini, kwani Ipole pamejengwa kituo cha kupoza umeme katika njia ya kilovolti 132 itokayo Tabora kwenda Mpanda.

Mahali hapo pamechaguliwa kwa makusudi. Mtu wa mjini mita yake ikimkatalia huenda ofisini kwa miguu na kurudi kabla ya adhuhuri. Mtu wa kijijini hupima nauli, na hupima siku ya kazi itakayopotea. Ni vyema basi ajue, kabla ya kupanda gari, kama safari yenyewe inahitajika. Wapo pia Tumbatu na Pemba wanaoielewa hesabu hiyo.

Mita nyingi za malipo ya kabla hazina mawasiliano yoyote na shirika linalouza umeme. Kila zinachokijua huletewa na vidole vya mwenye nyumba. Zile tarakimu 20 ni mfano wa barua iliyofumbwa: ndani yake mna kiasi cha uniti zilizonunuliwa, na mna wakati ambapo tokeni ilitengenezwa. Mita hulifumbua fumbo hilo kwa ufunguo wa siri uliowekwa ndani yake, na ufunguo huo ni wa mita hiyo peke yake. Ndiyo sababu tokeni ya jirani haikubaliki hata kama jirani ameitoa kwa moyo mweupe.

Wakati uliomo ndani ya tokeni hauandikwi kwa siku na mwezi. Huandikwa kwa hesabu ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Kwa hesabu hiyo mita humzuia mtu kuitumia tokeni moja mara mbili, kwani hukumbuka nyakati za tokeni ilizokwisha kuzipokea. Waliotunga utaratibu huo, ambao asili yake ni Afrika Kusini, waliitengea hesabu nafasi ya dakika 16,777,216 wala si zaidi. Hizo ni karibu miaka 32, na bila ya shaka katika mwaka 1993 miaka 32 ilionekana kuwa mbali sana. Nafasi hiyo ilikwisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu hurudi sifuri, na tokeni iliyonunuliwa leo huonekana mbele ya mita kuwa ni ya mwaka 1993, kuukuu kuliko zote ilizowahi kuziona. Wanaoikumbuka hofu ya kompyuta kuelekea mwaka 2000 wataona kuwa matatizo haya mawili ni ndugu. Ila lile lilikuwa la maofisini zaidi, na hili liliingia mpaka jikoni.

Dawa yake ilikuwa ni kubadilisha ufunguo wa kila mita, na pamoja na ufunguo mpya kuifutia mita kumbukumbu zake za zamani, ili ianze hesabu nyengine inayohesabiwa tangu mwaka 2014. Inafaa kutajwa pia kwamba mita ambayo haikuboreshwa haikuzimika usiku ule. Uniti zilizokuwamo ziliendelea kutumika kama kawaida mpaka zikamalizika. Kilichokataliwa ni tokeni mpya, na kwa hivyo hitilafu haikuonekana siku ya tarehe yenyewe, bali siku ambayo mwenye nyumba alirudi kununua.

Kwa upande wa Bara, TANESCO iliwataka wateja wa LUKU wakamilishe maboresho kabla ya tarehe hiyo. Mteja aliponunua umeme, badala ya tokeni moja alipokea tatu, kila moja ya tarakimu 20. Mbili za mwanzo zilikuwa za kubadilisha ufunguo, na ya tatu ilikuwa ya uniti alizozinunua. Alitakiwa kuziingiza kwa mpangilio huo huo. Sababu ya kuwa mbili ni kwamba ufunguo ni mrefu, haubebeki ndani ya tokeni moja, hivyo hukatwa nusu mbili. Mita ikipokea nusu ya kwanza huiweka na kuingoja ya pili. Zisipokutana, ufunguo wa zamani hubakia palepale. Mwenye nyumba aliyeona kwamba tokeni ya kwanza imepokelewa akaridhika na kuondoka, alikuwa hajabadilisha kitu.

Lakini kosa lililo gumu zaidi kulitambua halitokei mbele ya mita. Na achukuliwe kwa mfano mama mwenye duka pale njia panda ya Ipole, mwenye jokofu la soda na maji ya kunywa. Mama huyu hanunui umeme mwenyewe. Mwanawe aliyeko Tabora mjini humnunulia kwa simu, kisha humpelekea tarakimu. Kwa miaka kijana amezoea kunakili fungu moja la tarakimu 20 na kuliacha jengine lote, yaani jina, kodi, na kiasi kilicholipwa. Siku ya maboresho ujumbe unamjia mrefu kuliko kawaida. Kijana hana wakati wa kuusoma. Anaitafuta tokeni ya umeme, anaiona, anaipeleka hiyo peke yake, na ujumbe anaufuta.

Mama anaiingiza, inakataliwa. Anapiga simu. "Mwanangu, imekataa." "Ingiza tena, mama, pole pole." Anaingiza tena pole pole, na mita inakataa pole pole. Kijana, kwa huruma, ananunua nyengine.

Tokeni ile ya kwanza ilikuwa nzima, na fedha hazikupotea. Ilikuwa imefumbwa kwa ufunguo mpya, ilhali mita ilikuwa ingali na ufunguo wa zamani. Kama mafungu mawili yaliyoachwa Tabora yangeingizwa kwanza, hiyo ya tatu ingepokelewa mara moja, hata kama ilikwisha kukataliwa mara kumi. Hivyo basi swali la awali la kuulizwa, kabla ya kuigusa mita, ni hili: je, ujumbe uliofika ndio ule ule uliotoka, wote, kama ulivyo? Anayemnunulia mwenziwe anatakiwa kuupeleka ujumbe wenyewe bila ya kuuchambua. Kusomeana tarakimu 60 kwa simu, katika mtandao unaokatika, si njia ya kutegemewa. Nne na nane zimekwisha kuwapoteza watu wengi. Na ujumbe ukiwa umefutwa, mnunuzi aombe tokeni zake tena kwa namba ya mita, badala ya kulipa upya.

Lipo kosa jengine linalofanana na hilo, lakini hili humfika mtu mwangalifu. Ni yule anayenunua umeme mapema, akaiandika tokeni katika karatasi na kuiweka akiba. Tokeni hiyo imefumbwa kwa ufunguo wa zamani. Akiingiza kwanza tokeni za maboresho, ile ya akiba haitapokelewa tena na mita hiyo. Ilimpasa aanze kuziingiza zote za zamani, ndipo abadilishe ufunguo. Aliyefanya kinyume chake, hapo safari ya ofisini inastahiki, na aende na namba ya mita pamoja na uthibitisho wa malipo ya tokeni ile ya akiba.

Ikiwa tokeni za kubadilisha ufunguo zenyewe ndizo zinazokataliwa, kinachopaswa kutazamwa ni namba ya mita. Namba iliyomo katika ujumbe ilinganishwe na ile iliyoandikwa kwenye mita, tarakimu zote 11. Nyumba za kupangisha zina mambo mengi: mita hubadilishwa, namba ya zamani ikabakia katika simu ya mpangaji.

Pengine mita haikukataa chochote, bali haikusikia. Pale ambapo mita imefungwa juu ya nguzo na mtumiaji ana rimoti ndani ya nyumba, betri za rimoti zikichoka tarakimu hazifiki, na kioo huonyesha hitilafu ambayo mtu asiyezoea huiita kukataliwa. Betri zibadilishwe kwanza. Na pengine tokeni imepokelewa lakini uniti ni chache mno: kwa upande wa Bara, tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia LUKU, na aliyekaa miezi bila ya kununua hukatwa ya miezi hiyo yote kwa pamoja. Hilo halihusiani na maboresho hata kidogo, ingawa lilitokea siku moja nayo.

Kubonyeza kwa hasira hakusaidii. Baadhi ya mita, zikiingiziwa tarakimu zisizo sahihi mara nyingi, hujifunga kwa muda na hata tokeni iliyo sahihi hukataliwa katika muda huo. Anayeona amekataliwa mara mbili aiache mita, aketi, aulinganishe ujumbe na alichokiandika, fungu kwa fungu.

Aidha, inasisitizwa kwamba maboresho ya namna hii hayafai kungojewa mpaka uniti zifike sifuri. Dukani hasara ni soda za moto. Katika zahanati, jokofu la chanjo linatakiwa libaki kati ya nyuzijoto 2 na 8, na mita ikikataa usiku wa manane, tarakimu zenyewe zikiwa katika simu ya mtu aliyelala, hakuna nafasi ya kujifunza. Aliyeboresha mita yake akiwa bado na uniti ndani yake alikuwa na siku kadhaa za kukosea na kusahihisha. Mwenye dhamana ya jengo la umma, iwe skuli, zahanati au ofisi ya shehia, anatakiwa aujue mwenyewe mpangilio wa tokeni, na asiuache kwa mtu mmoja mwenye simu.

Wa mwisho kufikwa na hitilafu hii ni anayetumia kidogo. Mwenye mashine ya kusaga hununua umeme kila siku chache, na maboresho yalimjia mapema. Lakini katika misitu ya Sikonge wapo warina asali wanaokaa kambini kwa muda mrefu, na nyumbani wameacha taa moja au hawakuacha kitu. Visiwani wapo wenye nyumba walioko Muscat au London, na funguo za mlango zimewekwa kwa shangazi. Mita za nyumba hizo huenda bado zina uniti chache za mwaka 2024 na ufunguo ule ule wa zamani.

Mita ya namna hiyo haijafa. Tokeni za kubadilisha ufunguo hazibebi hesabu ya dakika, na kwa sababu hiyo hupokelewa hata baada ya tarehe 24 Novemba 2024 kupita. Anayerudi kuifungua nyumba kama hiyo aanze kwa kununua kiasi kidogo tu, na autazame ujumbe wote kabla ya kubonyeza chochote. Ukiwa na mafungu matatu, ayaingize kwa mpangilio yalivyokuja. Ukiwa na fungu moja na mita ikalikataa, asinunue tena. Aende katika ofisi ya umeme iliyo karibu, au ampigie simu mhudumu wake, aitaje namba ya mita, na aeleze kwamba mita hiyo haijaingizwa tokeni tangu kabla ya Novemba 2024.