BEI IPI IPIMWE?
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Twasimama mbele yenu kusema juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la mabenki tu, kumbe limo ndani ya chungu cha kila nyumba. Nalo ni shabaha ya mfumuko wa bei.

New Zealand, nchi ya visiwa iishiyo kwa biashara kama sisi, ndiyo iliyotangulia. Kwa sheria ya mwaka 1989 Benki Kuu yake ilipewa kazi ya kutuliza bei, na mapatano ya 1990 yakaweka shabaha ya asilimia 0 hadi 2 kwa mwaka. Lakini mapatano hayo yaliongeza neno la busara: bei za ng'ambo zikigeuka ghafula, au ushuru ukipandishwa, Benki isihesabiwe kosa. Kwa nini? Kwa sababu kupandisha riba nyumbani hakuteremshi bei ya mafuta huko Ghuba. Humbana mwenye duka na seremala kwa dhambi isiyo yao.

Singapore ilishika njia nyingine. Tangu 1981 haiongozi bei kwa riba, bali kwa thamani ya fedha yake mbele ya fedha za wale inaofanya nao biashara. Fedha ikipata nguvu, shehena hushuka bandarini kwa bei nafuu. Lakini auzaye nje naye hupungukiwa.

Sasa tujitazame. Twaagiza mchele, twauza karafuu. Rupia yetu iliondoka mwaka 1936, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, na tangu 1966 shilingi ya Tanzania. Mfumuko wa bei wa Visiwani hupimwa mbali, na wa Bara mbali. Lakini riba ya Benki Kuu ni moja. Bara hulima mahindi yake. Sisi twangoja meli.

Basi rai yetu ni hii. Riba ifuate zaidi bei zizaliwazo nyumbani, maana hizo ndizo iwezazo kuzituliza. Lakini bei ya mchele isifichwe nyuma ya hesabu: itangazwe kando, na kipimo cha Visiwani kipewe uzito wake kila riba inapoamuliwa. Shabaha isiyomjua mlaji wa Pemba haiwezi kuitwa shabaha ya wote.