Bei ya Tikiti na Mapenzi kwa Klabu ya Nyumbani: Shabana na Shabiki wa Gusii



Nimepewa mada ya bei ya tikiti za soka. Ningeweza kuizungumzia kwa ujumla, lakini hapa tuna klabu yetu, Shabana, na tuna Uwanja wa Gusii ambao wengi wenu mnaufikia kwa miguu kutoka kilima hiki cha Nyanchwa. Hoja yangu naiweka mezani mapema. Kiingilio cha Gusii kipangwe kwa kumtazama mtu anayekuja kila mara, hata siku ambayo timu ngeni haina jina. Kisipangwe kwa kuitazama siku moja au mbili ambazo Gor Mahia au AFC Leopards wanafika mjini. Klabu nyingi ndogo za Afrika Mashariki zimezoea kufanya kinyume, na nitaeleza kwa nini mazoea hayo yanawaumiza watu walewale wanaozibeba.

Klabu iliyorudi

Shabana ilianzishwa mwaka 1980, na mwanzilishi wake alikuwa Dogo Khan, mfanyabiashara wa hapa Kisii. Wazee waliopo hapa wanawakumbuka wachezaji wa enzi zile, Henry Motego na wenzake, na hawahitaji mimi kuwasimulia. Mwaka 2006 timu ikashuka daraja. Ilikaa nje ya ligi kuu miaka 17, hadi ilipotwaa ubingwa wa daraja la pili na kurejea mwaka 2023.

Tuifikirie miaka hiyo 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka timu iliposhuka alikuwa anakaribia kumaliza sekondari ilipopanda. Utoto wake wote hakuiona timu ya Gusii katika ligi kuu. Alichokiona kila wikendi ni Arsenal, Manchester United, Chelsea na Liverpool. Hatuwezi kumlaumu kwa jezi aliyovaa.

Hata hivyo, timu iliporudi, watu walijitokeza Gusii kwa wingi kuliko ilivyo kawaida katika viwanja vya Kenya. Na Shabana inapocheza Nairobi, wafuasi wa Tore Bobe, kama tunavyoiita timu yetu, mara nyingi huwazidi mashabiki wa wenyeji. Kuna waliokuja kwa sababu ya shamrashamra za kupanda daraja, na hao tunawakaribisha. Lakini ndani ya umati ule kuna kundi lililokuwapo tangu zamani, lililokuwa likichanga nauli ya wachezaji na kwenda kutazama mechi za daraja la chini kwenye viwanja visivyo na hata kivuli. Timu haikufa kwa sababu ya kundi hilo. Nikisema shabiki leo, namkusudia kwanza mtu wa kundi hilo.

Mapenzi ya mbali ni rahisi, ya nyumbani ni ghali

Nendeni mjini jioni ya Jumapili kwenye vibanda vinavyoonyesha mpira. Kwa shilingi ishirini, thelathini, pengine hamsini, kijana anapata kiti, paa la kumkinga na mvua yetu ya alasiri, na mechi mbili mfululizo za Ligi Kuu ya Uingereza. Kuingia uwanja wa ligi yetu kumezoeleka kuwa shilingi 200 kwa jukwaa la kawaida. Kama kijana huyo anatoka Keroka, Ogembo au Nyamira mjini, kuna nauli ya kuja na ya kurudi, na njaa ya saa kumi na moja. Safari nzima inamgharimu mara kadhaa ya bei ya tikiti yenyewe.

Wakati huohuo, yule anayeketi uwanjani Manchester analia. Mwishoni mwa mwaka 2024 Manchester United ilipandisha tikiti zilizosalia kwa wanachama wake hadi pauni 66, bila punguzo kwa watoto wala wazee. Hiyo ni zaidi ya shilingi elfu kumi za Kenya kwa mechi moja. Kwa fedha hizo mtu wa Nyanchwa angeingia Gusii misimu miwili akiona mechi zote za nyumbani, na chenji ikabaki.

Kwa hiyo klabu kubwa ya mbali inampata shabiki wa Kisii kwa shilingi hamsini, na klabu ndogo ya jirani inamtoza mara nne au zaidi. Hapa kwetu kuipenda klabu ndogo ndiko kunakogharimu. Anayelipa gharama hiyo, wiki baada ya wiki, amefanya uamuzi mzito kuliko tunavyompa sifa, na anastahili kuulizwa maoni kabla bei haijabandikwa ukutani.

Siku Gor anapokuja

Kwa desturi ya ligi yetu, mapato ya mlangoni ni ya mwenyeji. Timu kubwa inapokuja, mwenyeji anaona mavuno. Mashabiki wa Gor Mahia wanatoka Kisumu, Homa Bay na Migori, na sisi tuko njiani mwao. Viongozi wanasema: kama watu watakuja hata bei ikipanda, kwa nini tusiipandishe? Ni swali la haki, maana klabu ya jamii haina kampuni nyuma yake. Tusker ina kiwanda cha bia, KCB ina benki, Kenya Police ina idara ya serikali, Bandari ina mamlaka ya bandari. Shabana ikienda Mombasa kucheza na Bandari inasafiri karibu kilomita 800, na basi halijazwi mafuta kwa nyimbo.

Hebu tupige hesabu. Tarakimu za watu ni za mfano tu, msizichukue kama takwimu za klabu. Ligi ina timu 18, kwa hiyo Shabana ina mechi 17 za nyumbani. Tuseme mechi mbili ni dhidi ya Gor na AFC, na watu 8,000 wanaingia kila moja. Kiingilio kikipandishwa kutoka shilingi 200 hadi 300, klabu inapata nyongeza ya shilingi milioni 1.6 kwa mechi hizo mbili. Zibaki mechi 15 ambazo watu 2,000 wanaingia kwa shilingi 200. Hizo zinaleta milioni 6. Sasa tuseme kati ya hao 2,000, watu 600 wanaacha kabisa kuja, kwa sababu wamechoka kubahatisha bei. Klabu inapoteza shilingi milioni 1.8. Nyongeza yote imekwenda, na juu yake laki mbili.

Mtaniuliza, kwa nini mtu aache kuja kwa sababu ya shilingi mia moja? Haachi kwa sababu ya mia moja. Mwendesha bodaboda ana fedha fulani ya mpira kwa mwezi, hata kama hajaiandika popote. Akija siku ya Gor na mtoto wake, fedha hiyo imeisha. Mechi mbili zinazofuata anazitazama kibandani au anazisikiliza redioni. Kukosa mechi mbili ni mwanzo wa mazoea. Mgeni wa siku moja, aliyekuja kumwona Gor, amelipa bei ileile na hatutamwona tena hadi mwaka ujao. Yeye hakuumia, na klabu haikupata chochote kwake zaidi ya siku hiyo.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya hesabu. Shabiki aliyesimama kwenye mvua kutazama mechi isiyo na jina anafika siku kubwa na kuambiwa bei imepanda, tena wakati mwingine tikiti zimeisha kwa sababu walioshinda wiki nzima mitaani wamezinunua ili waziuze kwa faida. Siku hiyo klabu imemwambia kuwa yeye na mpita njia ni sawa. Sioni namna ya kulitetea hilo.

Majirani zetu Tanzania wanalijua jambo hili kwa kina. Kule karibu kila mji umegawanyika kati ya Simba na Yanga, klabu zilizoanza miaka ya 1930, na timu za mikoani zimezoea kutegemea ziara za vigogo hao wawili. Lakini msimu wa 2013/14 Mbeya City, iliyokuwa imepanda daraja tu, ilimaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, na mji ukavaa zambarau ya timu yake. Watu waliokuwa Simba au Yanga tangu utotoni wakajikuta wana timu ya kwao. Miaka ilipopita matokeo yakawa mabaya, na mwaka 2023 Mbeya City ikashuka. Kwangu mimi Mbeya ni somo la muda: mji ukikupenda, una misimu michache tu ya kuugeuza upendo huo uwe mazoea, kabla kipigo cha kwanza kikubwa hakijafika.

Siku, saa na mlango

Katika Gusii huwezi kuzungumzia bei bila kuzungumzia siku. Tumekaa Nyanchwa, mahali ambapo Waadventista wa Sabato walifungua misheni yao karne iliyopita, kabla ya baba zetu wengi kuzaliwa. Familia nyingi za Kisii na Nyamira Jumamosi haziendi popote ila kanisani. Mechi ya nyumbani ikipangwa Jumamosi, sehemu kubwa ya watu wetu wamefungiwa nje hata kiingilio kikiwa bure. Mechi ya Jumatano saa tisa alasiri inawafungia nje wafanyabiashara na wafanyakazi. Klabu na shirikisho wakae waelewane kuhusu Jumapili. Hilo halimgharimu mtu senti moja, na lingejaza viti vingi kuliko punguzo lolote.

Vivyo hivyo kuna majira. Mkulima wa majani chai ana fedha mwezi Oktoba, bonasi inapolipwa, na mara nyingi bonasi ya upande wetu huwa chini ya ile ya mashariki ya Bonde la Ufa. Kama klabu inataka kuuza tikiti za msimu mzima kwa mkulima wa Nyamira, izipeleke kwake Oktoba. Januari fedha yake iko shuleni.

Halafu mlango wenyewe. Tumeshaona nchini mwetu mtu akiingia kwa kumshikisha mlinzi chochote, na mwenzake akiingia kwa kujuana. Wakati wa mashindano ya CHAN ya Agosti 2025 watu wasio na tikiti walivunja ulinzi Kasarani, Shirikisho la Soka la Afrika likaitoza Kenya faini na kupunguza idadi ya watazamaji wa mechi zetu. Mwenye tikiti halali ndiye aliyeumia. Mimi naamini fedha inayopotea mlangoni ni kubwa kuliko nyongeza yoyote ya bei. Tikiti iuzwe kwa simu, ikaguliwe kwa mashine, na mapato ya kila mechi yatangazwe hadharani kabla ya mechi inayofuata. Shabiki akiona fedha yake ilikokwenda, hata bei ikija kupanda baadaye atasikiliza sababu.

Tunapokuwa wageni

Shabiki wetu anayeishi Nairobi hachangii klabu yake anapokwenda kuitazama huko. Tikiti yake inamlipa mwenyeji. Na wenyeji wanajua kuhesabu. Wakiona Tore Bobe wanakuja, kishawishi cha kupandisha bei ni kilekile tulichonacho sisi Gor akija.

Waingereza waligombana sana kuhusu bei za tikiti, za wenyeji na za wageni. Tarehe 6 Februari 2016 maelfu ya mashabiki wa Liverpool walitoka uwanjani dakika ya 77 ya mechi dhidi ya Sunderland, wakipinga tikiti ya pauni 77. Timu yao ilikuwa inaongoza mabao mawili, ikamaliza sare. Siku chache baadaye wamiliki wakaufuta mpango huo na kuomba radhi. Kuanzia msimu uliofuata, klabu za ligi hiyo zilikubaliana kuwa shabiki mgeni hatatozwa zaidi ya pauni 30, popote anapokwenda. Hata matajiri wale walitambua kuwa anayesafiri kuifuata timu yake ndiye wa mwisho kukamuliwa.

Klabu zetu tatu zenye watu, yaani Gor Mahia, AFC Leopards na Shabana, zinaweza kuafikiana kitu kama hicho bila kumngoja mtu: shabiki mgeni alipe bei ya siku ya kawaida katika viwanja vya klabu zote tatu. Sisi tutapoteza kidogo Gor akija Gusii, na watu wetu wa Nairobi watapumua tukienda kwao. Wengine wa ligi tutawashawishi baadaye.

Ninachoomba kikao kipitishe

Kiingilio cha jukwaa la kawaida kitangazwe kabla msimu haujaanza, na kiwe kimoja kwa mechi zote 17. Jukwaa kuu lipande siku kubwa likitaka. Wanaokaa huko wana uwezo, na nyongeza itoke kwao. Aliyenunua tikiti za mechi za kawaida kupitia simu yake atambuliwe, na auziwe tikiti ya siku ya Gor siku mbili kabla ya wengine. Mtoto wa shule ya msingi aliyefuatana na mzazi aingie bure, kwa sababu yule kijana wa jezi ya Arsenal hatumpati tena akiwa na miaka ishirini. Tunampata akiwa na saba, mkononi mwa mama yake.

Wenyeviti wa matawi, mnaosikia malalamiko ya watu kabla hayajafika ofisini kwa klabu, nawaomba mliandike ombi hili leo, mlitie sahihi, na mlifikishe kwa uongozi wa Shabana kabla ratiba ya msimu ujao haijatoka.