Kusamehe ni Kuutua Mzigo



Nimeombwa kusema juu ya msamaha, nami nitasema kwa kifupi.

Tumekutana hapa Msimbazi, jirani na Kariakoo. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Waafrika wengi walibebeshwa mizigo ya vita visivyokuwa vyao. Hata leo wachukuzi wapo sokoni, lakini mchukuzi anajua mahali pa kutua. Mwenye kinyongo hubeba asijue atatua wapi. Halali vizuri, hasali vizuri, na huenda aliyemkosea amekwisha sahau.

Wengine husema, "Nikisamehe, nitakuwa nimehalalisha ubaya." Sivyo. Mfikirini Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, ambaye kabla ya kuwa askofu aliwahi kufundisha shule Dodoma. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere na mkewe wakakimbia usiku kwenda Rwanda, naye moyo wake ukajaa uchungu. Ijumaa Kuu ya mwaka ule, katika kanisa la All Souls, London, alisikia jinsi Yesu alivyowaombea waliomsulubisha. Akaona hana budi kumsamehe Amin. Mwaka huo huo kikatoka kitabu chake kiitwacho I Love Idi Amin, yaani Nampenda Idi Amin. Hata hivyo hakunyamaza. Aliendelea kueleza waziwazi mauaji ya Uganda. Alimsamehe mtu, lakini ubaya aliuita ubaya.

Nami niliwahi kudhulumiwa fedha za duka na mtu niliyemwamini. Nilipokwisha kumsamehe mbele ya Mungu, nilikwenda kumdai haki yangu bila matusi. Hakuilipa yote. Jeraha nalo halikupona kwa siku moja; kila nilipomkumbuka ilinibidi nisamehe tena. Hatimaye tulipishana Mtaa wa Msimbazi, nikamwamkia, na moyo wangu ulikuwa mtulivu.

Vijana, msingoje uzee. Nasi wazee, humu ukumbini wamo waliokaa dawati moja na leo hawasalimiani. Kabla ya chai, mmoja amfuate mwenzake. Asingoje kufuatwa.