KOMPYUTA YA KIKUNDI IKIZIMA: TAFUTA CHANZO KABLA YA KUTAFUTA MWIZI

(Maneno tuliyozungumza na vikundi vya kujisaidia vilivyotutembelea Eastlands, Nairobi)

Mmetoka mbali kuja kuona jinsi watu wa mitaa hii wanavyojitafutia riziki, nasi tumeombwa tuseme juu ya kazi yetu ya kutengeneza kompyuta. Tutaeleza kisa kimoja tu. Hata kama kikundi chenu hakina kompyuta bali kina kinu cha posho au pampu ya maji, tunaamini mtapata la kubeba.

Katika mitaa kama Kayole, Dandora, Umoja na Kariobangi, vijana hukodi chumba kidogo, wakaweka skrini na mashine za gemu, na wateja hulipa kwa kila mechi. Kikundi kimoja cha namna hiyo kilikuwa na kompyuta ya mitumba, ya zile zilizotumika ofisini ng'ambo kabla ya kuletwa huku. Ilikuwa ikipiga chapa barua na kujaza fomu za watu bila shida. Lakini wateja walitaka gemu za mpira zenye picha safi. Basi mkutano ukakubali akiba itolewe, na mweka hazina akatumwa mjini, Luthuli Avenue, kununua grafiki kadi, yaani kile kipande kinachochora picha za skrini. Alinunua GeForce GTX 1660 Super, kadi iliyotoka mwaka 2019.

Kadi ikawekwa na kompyuta ikawaka vizuri. Lakini mechi ikianza, dakika mbili tatu, pap! Inazima kama stima imepotea, kisha inajiwasha yenyewe. Wateja wakadai pesa zao. Fundi mmoja akasema mazabodi imekufa, inunuliwe nyingine. Mwenye duka akasema kadi aliyouza ni nzima. Ndipo maneno ya chini chini yakaanza: ati mweka hazina alinunua kadi bandia, salio akatia mfukoni. Dada huyo alikuwa tayari kuacha kazi, na wanachama wengine walikuwa wanataka hisa zao. Walipotuletea mashine, kikundi chenyewe kilikuwa karibu kuvunjika.

Sasa tuwaeleze tulivyofanya, hatua kwa hatua.

1. Tuliuliza kabla ya kufungua. Inazima lini? Inazimaje? Kila ugonjwa una dalili zake. Ikizima ghafla wakati kazi inakuwa nzito, shuku umeme kwanza. Ikitoa skrini ya buluu yenye maandishi, shuku memori au draiva. Picha zikijaa mistari na madoa, shuku kadi yenyewe. Ikifanya kazi nusu saa, feni ikapiga kelele ndipo ikazima, shuku joto na vumbi, na vumbi hapa kwetu si haba.

2. Tulisoma daftari la mashine. Windows huandika matukio yake katika Event Viewer. Tulikuta Kernel-Power 41 mara nyingi. Hiyo husema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufungwa vizuri. Haitaji mkosaji, kwa hiyo msikubali mtu awauzie kipande kwa sababu ya maneno hayo peke yake.

3. Tulirudisha hali ya zamani. Tulichomoa waya wa stima, tukabonyeza swichi ya kuwasha ili umeme uliobaki uishe, tukatoa kadi mpya. Kompyuta ikafanya kazi mchana kutwa bila kuzima. Hapo tukajua mazabodi haijafa.

4. Tulijaribu kadi mahali pengine. Tuliiweka katika mashine yetu yenye pawa saplai kubwa, tukaichezesha gemu nzito kwa saa tatu. Haikuzima hata mara moja. Kadi ilikuwa halisi na nzima.

Akina mama, angalieni hapo. Kufikia hatua ya nne hatujanunua hata msumari, na tayari mweka hazina ameondolewa lawama. Siri ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na mashine ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi. Isipopona, umelipa mara tatu.

5. Tulipiga hesabu ya umeme. Pawa saplai ni lile sanduku linalopokea volti 240 za ukutani na kuzigeuza kuwa umeme mdogo wa kompyuta. Kibandiko chake kilisema wati 290. Kadi ile huhitaji wati 125, na watengenezaji wake hushauri pawa saplai ya wati 450. Prosesa, ya mwaka 2013, huhesabiwa wati 84. Ongeza diski, feni, memori na mazabodi. Kwa karatasi unaweza kusema zinatosha. Lakini gemu ikichanganya, kadi huruka juu ya kipimo chake kwa muda mfupi sana, na pawa saplai iliyozeeka haina tena nguvu yake ya ujana. Ikizidiwa, inajikata ili isiungue. Wenye vinu wanajua jambo hili: ukifunga jiwe kubwa kwenye injini ndogo, injini inazima mahindi yakiingia tu. Hakuna aliyeiba kitu.

6. Tulikagua waya. Kadi hiyo ina tundu la pini nane. Tundu la namna hiyo limekusudiwa kupitisha hadi wati 150. Pawa saplai ya ofisi haikuwa na waya huo, basi aliyeifunga alitumia adapta iliyotolewa kwenye waya wa diski wa SATA. Waya wa SATA umekusudiwa wati 54 tu. Plastiki yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Jamani, hapo hasara ingeweza kuwa zaidi ya mechi iliyokatika. Moto katika nyumba za mitaa hii hauchagui mlango wa jirani.

Kikundi kilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha kadi na kuchukua ndogo, kama zile GTX 1650 zisizo na tundu la waya, kwa maana sloti ya mazabodi yenyewe hutoa hadi wati 75. Ya pili ni kununua pawa saplai kubwa yenye waya halisi wa pini nane. Wakachagua ya pili. Lakini jihadharini: kompyuta nyingi za ofisi za Dell na HP zina plagi za mazabodi zisizo za kawaida, kwa hiyo wakatafuta pia waya wa kuunganisha unaofaa. Zile kasha nyembamba hazipokei hata sanduku la kawaida. Pimeni kabla ya kununua, na msifungue kamwe sanduku la pawa saplai lenyewe, kwa maana hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Mashine imepona. Mechi zinachezwa hadi jioni, na dada yule bado anashika daftari. Tena ni daftari lake lililomsaidia: alikuwa amehifadhi risiti yenye jina la kadi na namba yake, nasi tukaona namba ni ile ile iliyo kwenye kadi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumeona kwamba hata heshima ya mtu yaweza kupotea hivyo hivyo.

Tunawaomba mkifika nyumbani mzungumzie maswali haya kikundini:

– Kabla ya kuongeza kitu kwenye mashine yetu, nani hupima kama injini au stima inatosha?
– Risiti zetu ziko wapi, na je, zinaandika aina na namba ya kitu?
– Mashine ikiharibika, tuna utaratibu wa kuichunguza kabla ya kumtaja mtu?

Sasa tuingie karakana, mjionee wenyewe ile adapta. Tumeitundika ukutani.