Kazi ya siku kumi, watoto wa kila siku

Mmetuomba tueleze namna sisi, mume na mke wenye watoto wanne, tunavyotafuta kazi za mikataba mifupi.

Tulikuwa walimu Rutshuru. Tulikimbia mwezi wa Oktoba 2022, M23 walipouteka mji, tukafika Kanyaruchinya tukiwa na watoto, sufuria moja, na diploma zetu ndani ya mfuko wa plastiki. Hizo diploma ndizo zilizotulisha baadaye. Mashirika yalitafuta watu wa kuuliza maswali nyumba kwa nyumba, wa kutafsiri, wa kuongoza vikao vya usuluhishi. Siku tano, siku kumi, halafu basi.

Tuwape hesabu ya kazi moja, maana wengi husikia neno dola tu. Siku kumi, dola 20 kwa siku, jumla 200. Majirani walidhani tumetajirika. Pikipiki ilikula 35, simu 10, na msichana wa kumwangalia mtoto mchanga 20. Malipo yalikuja wiki saba baada ya ripoti. Wiki hizo zote tulikopa unga na maharage dukani, na deni likafika 90. Tukabaki na dola 45. Tangu siku ile, kabla ya kutia sahihi tunauliza: pesa zitalipwa lini, na usafiri ni wa nani? Mwanzoni tuliogopa kuuliza, tukidhani kazi itapewa mwingine. Mara moja alipewa mwingine kweli.

Mara nyingi walimtaka mama, kwa sababu kuna mambo ambayo wanawake hawayasemi mbele ya mwanaume. Baba alibaki akifua, akichota maji, akipika. Watu walicheka, na kicheko hicho kilimuuma kuliko njaa. Lakini tulikuwa tumepatana: anayepata kazi anaenda, na anayebaki ni mzazi, si msaidizi. Tuligombana sana mara moja, mtoto wa tatu alipopata malaria mama akiwa mbali kazini. Alirudi siku ya sita. Mkataba ukavunjwa, na zile siku tano hazikulipwa. Mpaka leo hatujakubaliana kama alipaswa kurudi.

Kisha ikaja Januari 2025. Mwezi huo serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Goma ikatekwa. Mabenki yakafungwa. Mwezi uliofuata kambi zikavunjwa. Mikataba miwili tuliyoahidiwa ikafa. Tangu hapo baba anafundisha watoto wa majirani kusoma, mama anauza makaa, na karatasi zetu ziko tayari.

Sasa neno kwa viongozi, na mtusamehe. Mashirika yakija, huja kwenu kuomba majina. Kiongozi mmoja alitudai dola 5 kwa kila siku ya kazi. Tulilipa, tukanyamaza. Kijana mmoja wa familia za wenyeji, aliyekosa nafasi, alisikia kwamba wakimbizi wamenunua kazi. Usiku mawe yakaangukia hema letu, watoto wakiwa ndani. Na kazi yenyewe ilikuwa ya kuongoza mazungumzo ya amani! Tunawaomba orodha ya majina ibandikwe mlangoni pa kanisa na pa msikiti, wenyeji na waliohamishwa wakiwa kwenye karatasi moja, na sifa zinazotakiwa ziandikwe juu yake. Aliyekosa ajue amekosa kwa nini.

Wazazi wenzetu, kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho chetu, basi pigeni kopi yake pamoja na diploma, na kopi moja ikae kwa ndugu anayeishi mahali pengine. Mwenye diploma iliyolowa au kuchanika asiitupe. Aje nayo baada ya kikao. Tutakaa pale chini ya mti mpaka jioni, kumwonyesha namna ya kuandika barua ya kuomba kazi. Watoto wetu watakuwapo pia, msishangae kelele.