Konokono Aliyejificha Mbele ya Macho



Leo tunapenda tumzungumzie kiumbe mdogo wa baharini ambaye wataalamu humwita Phyllodesmium rudmani. Ni konokono asiye na gamba, aonekanaye katika bahari za Indonesia na Ufilipino. Jina hilo alipewa mwaka 2006 na Ingo Burghardt na Terrence Gosliner, kwa heshima ya Bill Rudman, mtafiti wa konokono wa baharini nchini Australia.

Kwa nini alikawia kutambulikana? Kwa sababu huishi ndani ya matumbawe laini aina ya Xenia, ambayo ndiyo chakula chake. Tumbawe hilo huchanua mfano wa maua, kila ua na mikono yake minane. Naye konokono mgongoni mwake mna vishina vingi, na nchani mwa kila kishina mna vinundu vinavyofanana na ua hilo likifumba. Akitulia, mzamiaji humdhania kuwa ni tumbawe.

Lakini kufanana huko hakuishii kwenye sura. Mwilini mwa tumbawe mnaishi mimea midogo mno, itengenezayo chakula kwa nuru ya jua. Konokono alapo tumbawe, haimeng'enyi mimea yote, bali huiweka hai vishinani mwake, nayo humpatia sehemu ya riziki.

Basi nyumba yake, vazi lake na chakula chake ni kitu kimoja. Tumbawe likifa, amekosa vyote kwa siku moja. Na matumbawe yanakufa. Bahari ikizidi joto, hupoteza mimea ile, yakapauka; ndivyo yalivyopauka mengi katika pwani yetu ya Afrika Mashariki mwaka 1998. Na pale joto lisipofika, hufika baruti ya mvuvi.

Mvuvi wa baruti husema: "Pale palikuwa na mawe tu." Ndugu zetu, hata huyu konokono alikuwa "tumbawe tu" kabla ya mtu kutazama kwa makini. Kutokukiona kitu si dalili ya kutokuwepo kwake. Ni wangapi wameangamizwa kabla hatujawajua?

Basi tuwakataze vijana wetu baruti, na samaki aliyeuawa kwa baruti tusimnunue. Aliyejificha hawezi kujitetea. Wajibu huo ni wetu tunaojua.