Amana Haigawiwi Bila Mwenyewe



Mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa lilimkabidhi Mwingereza Palestina, na Tanganyika yetu pia, azitunze kama amana. Waarabu wa Palestina walipoona wahamiaji wanazidi bila wao kuulizwa, 1936 wakaasi. Novemba 1938 Waziri Mkuu Chamberlain akageukia Tanganyika: Wayahudi waliomkimbia Hitler watafutiwe mashamba huku. Wazee wetu nao hawakuulizwa. Mei 1939 serikali yake ikaweka kikomo: Wayahudi 75,000 tu waingie Palestina kwa miaka mitano.

Mkimbizi hatumlaumu, aliyeonewa hupokewa. Tunamlaumu mshika amana aliyeigawa kama mali yake. Basi ye yote ajaye Kilombero na ramani ya kugawa mashamba, kwanza aketi na sisi tulimao mpunga.